Kwa Nini Mashine Mpya ya Maabara Haiunganishwi Siku Inapofika

Mashine mpya ya kupimia damu inapoletwa hospitalini, watu huiona ikishushwa kwenye gari na kuingizwa maabara. Wiki kadhaa baadaye majibu bado yanaandikwa kwa kalamu, na mgonjwa bado anayabeba mkononi kutoka dirisha la maabara hadi chumba cha daktari. Kwenye foleni, iwe ni Homa Bay au Migori, swali huwa lilelile: mashine ipo, kompyuta ipo, kebo ipo. Kinachongojwa ni nini?

Mara nyingi kinachongojwa ni majaribio. Kabla programu ya rekodi za wagonjwa haijaruhusiwa kupokea majibu kutoka kwa kifaa ambacho haijawahi kukutana nacho, mafundi huunda kompyuta ya kuigiza, hukiunganisha kifaa humo, kisha huipa programu mitihani mingi. Baadhi ya mitihani hufeli. Kufeli huko ndiko kunakochukua muda, na ndiko kunakomlinda mgonjwa.

Rekodi zinazohusika

Huduma za afya ni jukumu lililogatuliwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti usimamizi wa vituo vya afya na maduka ya dawa ya kaunti, na pamoja na majengo na dawa huja faili za wagonjwa. Faili hizo zilianza kuingizwa kwenye kompyuta hapa nchini zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, Kaunti ya Nandi ya sasa, kilianza kutumia mfumo uliotengenezwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Indiana University cha Marekani. Uzoefu wa Mosoriot na Eldoret ulichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vinavyotoa huduma za HIV nchini, ukanda huu ukiwemo, imejengwa juu ya OpenMRS.

Kwa kaunti hizi mbili jambo hili si la pembeni. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta Homa Bay ikiongoza nchini, ambapo asilimia 19.6 ya watu wazima walikuwa wakiishi na HIV, na Migori ikiwa miongoni mwa kaunti zilizofuata. Maelfu ya wakazi wanategemea kipimo cha wingi wa virusi kujua kama dawa zinafanya kazi. Wengi wao pia hawakai mahali pamoja. Mvuvi anayefuata samaki kutoka Mbita hadi Muhuru Bay amehama kaunti bila kuhama kazi, na kinachomfuata ni rekodi yake. Ikikosewa tarakimu moja, kosa linamfuata pia.

Kompyuta ndani ya kompyuta

Seva ya kituo cha afya haiwezi kufanyiwa majaribio wakati watu wamepanga foleni nje. Ikizimika saa nne asubuhi, kliniki nzima inarudi kwenye makaratasi. Ndiyo sababu mafundi hutumia kompyuta pepe.

Anayejua ploti ya vyumba vya kupangisha ameshaelewa nusu ya habari. Mwenye ploti ana jengo moja, mita moja kuu ya stima na tangi moja la maji. Kila mpangaji ana mlango wake, soketi zake na mfereji wake, na akifunga mlango anaishi kana kwamba nyumba yote ni yake. Kompyuta moja kubwa hugawanywa vivyo hivyo. Programu mwenyeji ndiyo mwenye ploti, na kompyuta pepe ndizo wapangaji. Kila moja ina mfumo wake wa uendeshaji, diski yake na saa yake. Moja ikiungua kwa majaribio, jirani yake hata hanusi moshi.

Wazo hili lilianza katika kampuni ya IBM miaka ya 1960, kompyuta moja ilipokuwa na bei ya kuwafanya watumiaji wengi walazimike kuigawana. Mwaka 2003 mtaalamu wa Ufaransa, Fabrice Bellard, alitoa QEMU, programu huria inayoigiza si kompyuta tu bali pia vifaa vinavyochomekwa kwenye kompyuta: kadi ya mtandao, diski, kibodi, mlango wa kebo. Kompyuta pepe nyingi duniani zinaendeshwa nayo, au kwa programu zilizoazima mawazo yake.

Kwa hospitali, njia ni hii. Seva ya kituo huigizwa kama kompyuta pepe, na ndani yake huwekwa wagonjwa wa kubuni, wenye majina na tarehe za kuzaliwa za kutungwa. Rekodi za watu halisi hazina haki ya kuwa kwenye meza ya fundi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti. Kisha kifaa kipya, au mwigo wake, huunganishwa na kompyuta hiyo, na mitihani huanza.

Kifaa kisichoonekana

Mtihani wa kwanza ni rahisi: programu, unakiona kifaa? Jibu la kwanza mara nyingi ni hapana.

Kila kifaa cha USB hujitambulisha kwa namba mbili, moja ya mtengenezaji na nyingine ya aina ya kifaa. Kompyuta kubwa ikishaona namba hizo, hukishika kifaa yenyewe. Mpangaji ndani ya chumba chake hajui kitu. Fundi lazima amwambie mwenye ploti akiachie kifaa chenye namba hizo na kukipitisha hadi kwa kompyuta pepe husika. Wakati mwingine mwenye ploti amekubali, lakini akaunti anayotumia fundi haina kibali cha kugusa vifaa vya USB, na dawa yake ni mstari mmoja wa amri. Tatizo la namna hii humaliza nusu siku, halikosi kuchekesha likishapatikana, na halina hatari kwa mtu yeyote. Yanayofuata ndiyo ya kuangaliwa.

Mwongozo wa kusahihisha

Majaribio ya programu hufanana na mtihani wa shule. Kuna swali, kuna jibu la mwanafunzi, na kuna mwongozo wa kusahihisha unaosema jibu sahihi ni lipi. Kompyuta husoma jibu la programu na kulilinganisha na mwongozo herufi kwa herufi. Zikitofautiana hata kwa nafasi tupu, jaribio limefeli.

Sasa fikiria swali lisemalo: taja vifaa vyote vilivyounganishwa na kompyuta hii. Mwongozo wa mwaka jana una vifaa saba. Fundi ameongeza cha nane. Programu inajibu kwa ukweli kuwa vifaa ni vinane, na inapewa alama ya kosa. Kila jaribio linalogusa orodha hiyo nalo linafeli, na kwa dakika chache skrini yote ni nyekundu ingawa hakuna kilichoharibika. Wanaotengeneza programu za kompyuta pepe wanaijua hali hii vizuri: kifaa kimoja kipya kinaweza kuangusha makumi ya majaribio kwa mpigo.

Kuna njia ya mkato. Programu nyingi za majaribio zina amri inayoandika upya mwongozo wote ufanane na majibu yaliyotolewa leo. Skrini inageuka kijani, fundi anakwenda nyumbani. Ni sawa na mwalimu kuchukua karatasi ya mwanafunzi na kuiita mwongozo.

Amri hiyo ina matumizi halali, kwa sababu mwongozo uliopitwa na wakati lazima usahihishwe. Lakini kabla ya kuitumia, kila tofauti inapaswa kusomwa na jicho la mtu. Chukulia kuwa tofauti ziko sitini. Hamsini na tisa zinasema kitu kilekile: kifaa cha nane kimeongezwa. Ya sitini inasema kadi ya mtandao, iliyokuwa nafasi ya tatu, sasa iko nafasi ya nne. Inaonekana ndogo. Katika mifumo ya Linux, hata hivyo, jina la kadi ya mtandao hutokana mara nyingi na nafasi yake. Nafasi ikibadilika jina linabadilika, na maagizo ya mtandao yaliyoandikwa kwa jina la zamani hayamkuti mwenyewe. Seva ikiwashwa asubuhi itawaka bila shida, ila kompyuta za chumba cha daktari, za famasia na za usajili hazitaipata. Kosa hilo lingekuwa kwenye orodha tangu mwanzo, mstari wa sitini, na mtu angelifuta bila kulisoma.

Dawa yake ni kukipa kifaa kipya nafasi iliyo mwisho, au kuifungia kadi ya mtandao nafasi yake ya zamani, kisha kurudia majaribio yote. Watengenezaji wa QEMU hutumia kanuni pana zaidi: kompyuta pepe iliyoundwa zamani huendelea kuona vifaa vilevile, katika nafasi zilezile, hata programu yenyewe ikisasishwa. Anayetaka mpangilio mpya anauomba kwa jina.

Lugha ya mashine

Mashine za maabara huzungumza. Nyingi hutuma majibu kwa utaratibu uitwao HL7, ulioanza mwaka 1987, ambapo ujumbe ni mistari ya maandishi iliyokatwakatwa kwa vijiti vilivyosimama: jina la mgonjwa hapa, namba ya sampuli pale, kipimo, jibu, kizio. Mashine za zamani hupitisha ujumbe kwenye kebo ya siriali, na huko hata kasi ya kuongea lazima ikubaliwe. Upande mmoja ukituma kwa kasi moja na mwingine ukasikiliza kwa kasi tofauti, kinachofika ni takataka ya alama.

Takataka inaonekana upesi. Kinachosumbua ni ujumbe uliofika vizuri ukaeleweka vibaya. Kipimo cha wingi wa virusi ni mfano wa karibu. Programu inatarajia namba, tuseme 1,500. Lakini mgonjwa anayemeza dawa zake vizuri anaweza kuwa na virusi vichache kiasi kwamba mashine haivioni, na badala ya namba mashine inatuma herufi LDL, maana yake chini ya kiwango kinachoweza kugunduliwa. Ni jibu bora kuliko yote. Programu iliyofundishwa kupokea namba peke yake inaweza kulikataa, kuliacha tupu, au, vibaya zaidi, kuweka sifuri. Pengo tupu linamfanya mtu aliyefanya vizuri aonekane hajapimwa, aitwe tena, akatwe damu tena, na alipe nauli ya bodaboda tena kutoka Karungu au Kasipul. Kwa hiyo kati ya wagonjwa wa kubuni wa majaribio lazima awepo mwenye LDL, mwenye namba kubwa, na mwenye sampuli iliyoharibika ambayo mashine imekataa kuipima.

Kisha kuna vizio. Hili linastahili maelezo zaidi, maana ndilo linaloweza kuua.

Kila mama wa soko la Oyugis anajua kuwa mahindi gorogoro kumi si kilo kumi. Sukari ya damu nayo hupimwa kwa vizio viwili. Mashine moja hutumia milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na kutoka ya kwanza hadi ya pili unazidisha kwa 18. Sukari ya 5.5 kwa kizio cha kwanza ni 99 kwa cha pili, na ni ya kawaida. Tazama sasa namba 18 ikiwa peke yake, bila kizio. Kwa milimoli, huyu ana sukari ya juu sana na anahitaji matibabu ya haraka ya kuishusha. Kwa miligramu, sukari yake imeanguka hadi karibu kupoteza fahamu na anahitaji kupewa sukari mara moja. Namba ni ileile, matibabu ni kinyume kabisa. Programu inayopokea namba na kutupa kizio imebakiza nusu ya jibu.

Kosa la vizio limewapata hata wenye fedha na wataalamu wasiohesabika. Septemba 1999 shirika la NASA la Marekani lilipoteza chombo cha angani kilichokuwa kimefika sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kama za metriki. Jaribio la kulinganisha pande zote mbili lingelionyesha hapa duniani.

Saa tatu za tofauti

Baadhi ya majaribio hufaulu mchana na kufeli usiku. Mafundi huyachukia haya, kwani ukirudia kesho saa nne asubuhi kila kitu kiko sawa.

Chanzo huwa saa. Kompyuta pepe nyingi huwekwa kwenye saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Mama akijifungua katika hospitali ya Migori saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei, kwa saa ya dunia bado ni tarehe 1. Mashine ya maabara ikiwa inafuata saa ya Nairobi na seva inafuata ya dunia, sampuli ya mtoto inaweza kuonekana imepimwa kabla haijachukuliwa, au mtoto kuonekana amezaliwa siku moja kabla. Kuanzia saa tisa usiku tarehe hukubaliana tena na kosa linajificha. Mswahili amezoea kuhesabu saa sita pembeni ya Mzungu na hachanganyikiwi. Mashine haina mazoea hayo. Suluhisho ni kuandika wakati pamoja na eneo lake la saa kila mahali, na kuweka majaribio yanayojifanya ni saa sita na dakika moja usiku, hata kama fundi anayaendesha mchana.

Jaribio jingine la lazima ni la stima kukatika. Kwenye kompyuta pepe halihitaji kungoja mvua ya Aprili: fundi huchomoa kifaa katikati ya ujumbe, au huizima seva ghafla, kisha huiwasha na kuhesabu. Jibu lililokuwa njiani limefika mara moja, mara mbili, au halikufika? Mashine nzuri hutuma tena ujumbe usiothibitishwa. Programu ikisahau kuangalia namba ya ujumbe, mgonjwa mmoja atakuwa na vipimo viwili vya damu vya siku moja, na daktari hatajua kipi ni kipi.

Ambayo kompyuta pepe haiwezi kuyaona

Majaribio yote yakigeuka kijani, bado kazi haijaisha. Kompyuta pepe haina vumbi, haina joto la Kendu Bay saa nane mchana, na kebo yake hailegei. Ndiyo maana baada ya majaribio kifaa huunganishwa kwanza katika kituo kimoja, majibu ya kompyuta na ya karatasi yakiandikwa sambamba kwa muda na kulinganishwa, kabla ya kupelekwa kwingine.

Visomaji vya alama za vidole, vinavyozidi kutumika kuthibitisha wagonjwa, vinaonyesha pengo hilo wazi. Kidole cha kuigiza huwa na mistari safi. Kidole cha mkata miwa wa Awendo, cha mchimbaji dhahabu wa Macalder au cha mvuta nyavu wa Rusinga kimesuguliwa na kazi hadi mistari imefifia, na kisomaji kinaweza kukikataa ingawa mwenyewe amesimama pale. Mkazi wa Kenya hana haja ya kukumbushwa yanayotokea mitambo ikikataa: katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 vifaa vya kielektroniki vya kutambua wapiga kura vilikwama katika vituo vingi, na maafisa wakarudi kwenye daftari la karatasi. Mwaka 2017 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa kuweka wazi kuwa pawepo njia ya ziada pale teknolojia inapokwama. Hospitali nayo inahitaji njia hiyo ikiwa imeandikwa na kufanyiwa mazoezi, maana mgonjwa hawezi kuahirishwa kama mkutano.

Mkazi afanye nini

Mfumo ukiwa haufanyi kazi siku ya kliniki, mkazi ana haki ya kuhudumiwa kwa karatasi. Aulize jibu lake limeandikwa wapi, na ahakikishe jina, namba yake ya mgonjwa na tarehe ni sahihi kabla ya kuondoka dirishani.

Anapopewa jibu la sukari, aulize kizio pamoja na namba, na akiandike kwenye kitabu chake cha kliniki, hasa kama anapima pia nyumbani kwa mashine ndogo. Jibu likitofautiana sana na la kawaida yake ilhali anajisikia vizuri, aombe lirudiwe kabla ya kubadilishiwa dawa.

Aliyepimwa wingi wa virusi akaambiwa jibu halionekani kwenye kompyuta, asidhani lolote kuhusu afya yake na asiache dawa. Amwombe mhudumu aangalie jibu lililotoka maabara yenyewe, kwani LDL inaweza kuwa ilifika ikakosa pa kukaa.

Mwenye alama za vidole zinazokataliwa aeleze hivyo mapema kwenye usajili, aje na kitambulisho, na asikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu ya kidole. Sheria ya Ulinzi wa Data inampa kila mtu haki ya kuona habari zake na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Ombi hilo huanzia kwa msimamizi wa kituo, na lisipotekelezwa linaweza kupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Anayetaka kujua mashine fulani katika kituo chake itaunganishwa lini anaweza kuuliza kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Katika barua hiyo aulize pia mambo mawili: majaribio yamefikia wapi, na ni yapi ambayo bado yanafeli.